Rangi na Jinsia ya Nyoka Mgeni

Nyoka anapoingia kwa mara ya kwanza katika nyumba ya mfugaji, maswali mawili hutangulia mengine yote: rangi yake ni ya namna gani, na je, ni dume au jike. Mfugaji wa kuku huyajibu maswali kama hayo kwa kutupa jicho bandani tu, kwa sababu jogoo hujulikana kwa kilemba chake na kwa kuwika kwake, na mfugaji wa ng'ombe ana hazina ya majina ya rangi aliyoachiwa na wazee wake. Nyoka hana kilemba, hana pembe wala sauti ya kumtambulisha, na viungo vyake vya uzazi vimefichwa ndani ya mkia; zaidi ya hayo, rangi anayoonekana nayo huweza kuwa imemfikia kwa njia mbili au tatu tofauti, ambazo hazimwachii mtazamaji alama yoyote ya kuzipambanua. Kwa hiyo mfugaji mpya hukosea mara nyingi, na si lazima iwe kwa uzembe, bali kwa kuwa sehemu kubwa ya jibu imo katika ukoo wa nyoka na haimo katika ngozi yake.

Texas ni mahali pazuri pa kulichunguzia jambo hili, hasa ukanda wa Dallas na Fort Worth upande wa kaskazini, na Houston upande wa pwani. Huko Arlington, mji ulio katikati ya Dallas na Fort Worth, hufanyika maonyesho ya wafugaji wa reptilia yajulikanayo kwa kifupi kama NARBC, ambamo vijisanduku vya plastiki vyenye nyoka wachanga hupangwa meza baada ya meza, kila kimoja kikiwa na kibandiko chenye mfululizo wa majina ya rangi na tarakimu za jinsia. Kwenye kibandiko hicho 1.0 humaanisha dume mmoja, 0.1 jike mmoja, na 0.0.1 nyoka mmoja ambaye jinsia yake haijapimwa. Msomaji atakayeukumbuka mpangilio huu, dume kabla ya nukta na jike baada yake, ameshajua nusu ya lugha ya soko. Katika mji huohuo kimo Chuo Kikuu cha Texas cha Arlington, chenye kituo mashuhuri cha utafiti wa amfibia na reptilia, ambacho watafiti wake, kama itakavyoonekana, walishiriki kuivunja dhana iliyokaa vitabuni kwa nusu karne. Houston nayo ndiyo makao ya East Texas Herpetological Society, chama cha watu wanaosoma na kufuga wanyama hao.

Kabla ya rangi na jinsia lipo swali la spishi, yaani aina ya kibiolojia ya mnyama mwenyewe, na hapa msomaji wa Kiswahili anapaswa kuwa mwangalifu na neno chatu. Chatu anayemjia akilini ni yule mkubwa wa mabwawa na vichaka, awezaye kummeza mbuzi au swala, ambaye wataalamu humgawa katika spishi mbili, Python sebae na Python natalensis; wote wawili wamo katika orodha fupi ya nyoka wakubwa ambao sheria ya Texas haimruhusu mtu kuwa nao bila kibali cha idara ya wanyamapori ya jimbo hilo. Chatu anayejaza meza za Arlington ni mwingine kabisa, Python regius, nyoka mpole ambaye kwa kawaida hukua kufikia mita moja au mita moja na nusu, na ambaye akiogopa hujikunja kama tufe na kukificha kichwa katikati, tabia iliyompa kwa Kiingereza jina lenye maana ya chatu-mpira, ambalo ndilo litakalotumika hapa. Makazi yake ya asili yanaanzia Senegal, yanapita Ghana, Togo na Benin, na kuishia Sudan Kusini na kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwa hiyo si mgeni kabisa kwa Afrika Mashariki. Mjini Ouidah, Benin, huheshimiwa kiasi cha kuwa na hekalu lake. Nchi za Ghana, Togo na Benin zimesafirisha chatu hawa kwa wingi kwenda Marekani, chini ya uangalizi wa mkataba wa kimataifa wa CITES, na katika shehena hizo walijitokeza wachache wenye rangi zisizo za kawaida. Mwaka 1992 Bob Clark, mfugaji wa Oklahoma, jimbo linalopakana na Texas, alifanikiwa kuzalisha albino kizuizini na hivyo kuthibitisha kwamba rangi hiyo hurithiwa. Biashara yote ya rangi za chatu-mpira imejengwa juu ya jaribio la aina hiyo: kupata mnyama wa ajabu, kumzalisha, na kuona kama ajabu yake inapita kwa wanawe.

Rangi au michoro inayopita kwa wana namna hiyo huitwa mofu, neno ambalo wanaisimu wa Kiswahili wamekuwa wakilitumia kwa maana nyingine, na ambalo hapa litamaanisha sura inayotokana na badiliko la jeni moja au zaidi, jeni ikiwa ni kipande cha maelekezo ya urithi ambacho mtoto kwa kawaida hupokea nakala yake moja kutoka kwa kila mzazi. Mabadiliko mengine ni fiche, maana yake hayajitokezi mpaka nyoka awe na nakala mbili zilizobadilika, na mwenye nakala moja tu huitwa mbebaji, naye hufanana na nyoka yeyote wa kawaida. Mengine hujitokeza hata kwa nakala moja, na katika kundi hili yamo yale ambayo nakala moja huleta sura moja na nakala mbili huleta sura ya pili iliyozidi. Matokeo yake kwa mnunuzi ni mazito, kwa sababu nyoka wa kahawia asiye na cha kusifiwa huweza kuwa mbebaji wa ualbino, na hakuna jicho, hata liwe la mzoefu wa miaka 30, litakaloweza kuuona ualbino huo. Neno la muuzaji kuhusu wazazi, au kipimo cha maabara, ndivyo vinavyouonyesha.

Weupe ndio unaowachanganya wengi zaidi, na mfano wake wa karibu hauhitaji kuvuka bahari. Nyoka-panya wa Texas, Pantherophis obsoletus, ni mwenyeji wa viunga vya Dallas na Houston, mpandaji hodari wa miti na mapaa anayewinda panya na makinda ya ndege, na katika spishi hii wafugaji wameendeleza ukoo wa nyoka weupe pe wenye macho ya samawati. Wengi huwaita albino, lakini si albino. Albino hukosa melanini, yaani rangi nyeusi na kahawia, huku rangi zake nyingine zikibaki, kwa hiyo chatu-mpira albino huwa na mabaka ya manjano juu ya weupe, na macho yake huwa mekundu au ya waridi kwa sababu damu iliyo nyuma ya jicho haina kitu cha kuifunika. Nyoka-panya mweupe ana hali nyingine, iitwayo leusizimu, ambayo ngozi yake haina rangi za aina yoyote ingawa jicho limebakiwa na rangi yake. Kwa hiyo anayetaka kumtambua nyoka mweupe na aanzie kwenye macho, kisha ndipo ahamie kwenye mgongo. Ukoo huu wa Texas una kasoro inayojulikana sana, kwamba baadhi yao huzaliwa na macho yaliyotokeza kupita kiasi, na ni busara mnunuzi akiangalie kichwa kutoka juu kabla ya kuusifu weupe.

Kwa chatu-mpira tatizo hilo hurudi likiwa gumu zaidi, kwa sababu mweupe mwenye macho ya samawati huweza kuzaliwa kutokana na miungano kadhaa ya jeni zenye uhusiano, ambazo sokoni huitwa Mojave, Lesser na Butter. Mwenye nakala mbili za Lesser na mwenye Lesser moja na Mojave moja huweza kufanana mno, na tofauti yao, ambayo itajitokeza kwa watoto wao, haisomeki kwenye mwili wao. Kumwuliza mtu kwa picha nyoka kama huyo ni wa mofu gani ni sawa na kumwuliza kikombe cha chai ya maziwa kilitiwa maziwa ya ng'ombe yupi. Picha yenyewe ni shahidi dhaifu hata kwa mofu zilizo rahisi, kwa kuwa taa ya njano humfanya kila nyoka aonekane wa dhahabu, na nyoka aliyekaribia kujivua gamba hufifia na macho yake yakaingia ukungu wa bluu. Anayetaka picha ya kufaa humpiga kwenye mwanga wa mchana, siku chache baada ya kuvua, akionyesha mgongo, ubavu, tumbo na kichwa. Umri nao hudanganya. Nyoka-panya wa Texas huanguliwa akiwa wa kijivu mwenye mabaka yaliyo wazi, kisha hugiza anavyokua; chatu-mpira wa mofu iitwayo Pastel hupoteza ung'avu wa manjano ya utotoni; na yule aitwaye Banana, yaani ndizi, huota madoa meusi kadiri miaka inavyokwenda, mithili ya ndizi mbivu iliyoachwa mezani.

Maabara sasa inaweza kujibu baadhi ya maswali ambayo jicho haliyawezi, tena bila kumgusa mnyama, kwa sababu ngozi aliyoivua hubaki na chembe za urithi. Msemo wa kujivua gamba, ambao mwaka 2011 uliingia katika siasa za Tanzania ukiwa na maana ya chama kujisafisha, unachukulia kwamba kinachovuliwa ni takataka. Kwa mtaalamu wa jeni, kinachovuliwa ndicho ushahidi. Katika Chuo Kikuu cha Eastern Michigan, kikundi cha Hannah Seidel kilitumia ngozi hizo, nyingi zikiwa zimetolewa na wafugaji, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kikaonyesha kwamba ualbino wa kawaida wa chatu-mpira unatokana na kuharibika kwa jeni iitwayo TYR, ilhali mofu iitwayo Lavender Albino, yenye rangi ya zambarau hafifu, inatokana na jeni iitwayo OCA2. Msomaji wa Tanzania ana sababu ya pekee ya kulitua jicho hapo, kwa sababu badiliko la OCA2 ndilo chanzo cha kawaida zaidi cha ualbino wa binadamu katika nchi yake: jeni ileile, iliyorithiwa kutoka kwa wahenga wa mbali sana walio wahenga wa nyoka na wa mtu pia, huharibika kwa mmoja akawekewa bei na kusifiwa, na huharibika kwa mwingine akakaa kwa hofu ya jua na ya watu.

Si kila mofu ni rangi tupu. Ile iitwayo Spider, yenye michoro myembamba kama utando wa buibui, huja pamoja na kichwa kinachoyumba na kupinda, wakati mwingine hata nyoka akashindwa kulenga chakula chake, na uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba sikio la ndani, kiungo cha kulinda mizani ya mwili, limeumbika vibaya kwa nyoka hao. Anayetambua mofu hii kwa nyoka aliyemnunua ametambua pia ugonjwa wake, na wauzaji wanaolitaja la kwanza wakalinyamazia la pili hawamtendei haki mnunuzi wala mnyama.

Jinsia, tofauti na rangi, haina cha kutazamwa sana. Dume wa nyoka ana viungo viwili vya uzazi viitwavyo hemipenisi, vilivyolazwa kinyumenyume ndani ya mkia, nyuma ya kloaka, ambayo ni tundu moja la choo na uzazi. Kwa kuwa mifuko hiyo inahitaji nafasi, mkia wa dume kwa kawaida huwa mrefu zaidi na mnene mwanzoni kabla ya kuchongoka, na wa jike hupungua unene ghafla baada ya tundu. Chatu na boa wana pia vijikucha viwili kando ya kloaka, masalia ya miguu ya nyuma ya wahenga wao, ambavyo kwa madume wa boa mara nyingi huwa vikubwa, lakini kwa chatu-mpira havifai kutegemewa. Njia iliyozoeleka ni kuingiza kijiti chembamba cha chuma chenye ncha ya mviringo, kilichopakwa kilainishi, kutoka kloaka kuelekea ncha ya mkia, kisha kuhesabu kimeingia umbali wa magamba mangapi ya chini ya mkia: kwa chatu-mpira jike hukwama baada ya magamba mawili hadi manne hivi, na kwa dume huendelea hadi saba au zaidi. Hesabu hiyo ina hatari mbili zinazovutana, kwa maana dume aliyekaza misuli hupimwa kuwa jike, na mpimaji mwenye mkono mzito huweza kulazimisha kijiti, akamjeruhi jike na kumsajili kuwa dume. Kwa nyoka waliotoka kuanguliwa, wenye uzoefu huminya mkia taratibu ili hemipenisi zitokeze nje. Zikitokeza jambo limekwisha, lakini zisipotokeza hakijathibitishwa chochote ila kwamba hazikutokeza. Kazi zote mbili hujifunzwa kwa kushikwa mkono na mjuzi au daktari wa mifugo, na hakuna kitabu, hiki kikiwamo, kinachofaa kuwa mwalimu wake wa pekee.

Nyuma ya kijiti hicho lipo swali la ndani zaidi, la nini kinachomfanya nyoka awe dume au jike tangu mwanzo, na hapo ndipo rangi na jinsia zinapokutana. Kwa binadamu, kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, huamua kwa mpango wa XY, ambao mama ana X mbili na baba ana X moja na Y moja. Ndege wana mpango wa ZW, ambao jike ndiye mwenye nyuzi mbili tofauti. Tangu miaka ya 1960, kwa kufuata kazi za Susumu Ohno na wenzake, ilichukuliwa kwamba nyoka wote ni wa ZW, kwa kuwa katika jamii ya fira, ya kifutu na ya nyoka-panya tofauti hiyo huonekana kwa darubini. Boa na chatu, ambao nyuzi zao hufanana machoni, walijumuishwa tu katika kanuni.

Mashaka yaliletwa na rangi. Mwaka 2011 Warren Booth na wenzake walichapisha habari za boa mmoja jike aliyezaa watoto 22 katika mizao miwili, wote majike na wote wakiwa na rangi adimu ya karameli aliyokuwa nayo mama yao, rangi ambayo ni ya jeni fiche, ingawa jike huyo alikuwa amewekwa pamoja na madume. Vipimo vya urithi vilionyesha kwamba watoto hao hawakuwa na baba: yai lilikuwa limekua bila mbegu, jambo liitwalo partenojenesisi. Kwa kanuni ya ZW ilibidi watoto hao wahesabiwe kuwa na nyuzi mbili za W, hali iliyodhaniwa kutowezekana, na watafiti walilazimika kuipokea kama ajabu. Mwaka 2017 Tony Gamble wa Chuo Kikuu cha Marquette, pamoja na Booth na kikundi cha Todd Castoe cha Arlington, ambacho miaka minne kabla kilikuwa kimeongoza usomaji wa jenomu nzima ya chatu wa Burma, walitafuta alama za urithi zinazopatikana kwa jinsia moja tu, wakazipata kwa madume. Boa na chatu wa Burma, kumbe, wana mpango wa XY kama wa binadamu, tena kila ukoo umeufikia kwa njia yake, na watoto 22 wa karameli hawakuwa na ajabu ya kromosomu hata kidogo: mama mwenye X mbili na hakuna mwingine aliyechangia, watoto wangekuwa nini kama si majike?

Wafugaji walikuwa wameliona jambo hilo katika chatu-mpira kabla ya wanasayansi kulipa jina, kwa sababu Banana hakurithishwa sawasawa kwa madume na majike, na mwaka 2016 Mallery na Carrillo waliandika kwamba mwenendo huo unaeleweka tu ikiwa jeni ya Banana imekaa juu ya kromosomu za jinsia na dume ndiye mwenye nyuzi mbili tofauti. Dume aliyeipata Banana kwa baba yake anayo juu ya Y, kwa hiyo watoto wake wa rangi hiyo karibu wote huwa madume. Aliyeipata kwa mama yake anayo juu ya X, na watoto wake wa rangi hiyo karibu wote huwa majike. Neno karibu lina kazi hapo, kwa sababu mara chache X na Y hubadilishana vipande wakati mbegu zinapotengenezwa, na jeni ikahama upande.

Hivyo madume wawili wa Banana waliolazwa katika vijisanduku jirani huko Arlington, wote wakiwa na 1.0 kwenye kibandiko na madoa yaleyale ya ndizi mbivu mgongoni, huweza kuwa wanyama wa thamani tofauti kabisa kwa mtu anayetaka majike wa rangi hiyo. Muuzaji makini huandika pembeni ya jina la rangi kama dume huyo hutoa madume au majike, na mnunuzi makini huuliza jeni ilitoka kwa nani hata kama imeandikwa. Pale kumbukumbu ya ukoo ilipopotea, kwa kawaida hubaki kumpandisha dume huyo kwa jike asiye na Banana, kuyaatamiza mayai kwa muda wa miezi miwili hivi, kisha kupima mkia wa kila mtoto mwenye rangi ya baba yake.